Msiniambie fizikia ndiyo iliyomuua yule binti. Nimechoka!

Wakuu, hasira hizi ninazo tangu Jumamosi na bado hazijaisha, kwa hiyo mtanivumilia. Kama hujasoma hadithi nitakayoitaja, uzi huu utakumalizia utamu wote. Pita kushoto, usije ukanilalamikia baadaye.

Tuna kikundi cha kusoma hapa Mwanza, watu tisa, siku za nyama choma tunafika kumi na moja. Tunakutana Kirumba kwenye baraza la mwenzetu, kila mtu na kiti chake cha plastiki. Zamu hii ilikuwa yangu. Nikachagua hadithi fupi ya kale ya kisayansi, The Cold Equations ya Tom Godwin, iliyotoka Agosti 1954 kwenye jarida la Astounding Science Fiction kule Marekani. Mimi naiita Milinganyo Baridi. Kwa kuwa si wote wanaoelewana na Kiingereza, nilikesha wiki tatu nikiifasiri kwenye daftari, nikachapa, nikatoa kopi kwa hela yangu mwenyewe. Nayataja haya makusudi, mjue uchungu wangu unaanzia wapi.

Kisa chenyewe ni hiki. Rubani mmoja, Barton, anapeleka dawa ya homa kwa watu sita wanaoumwa kwenye sayari ya Woden. Chombo chake cha angani ni kidogo, mafuta yamepimwa ya kumtosha yeye na ule mzigo, hakuna hata kijiko cha ziada. Mara geji inamwonyesha kuna joto la mwili ndani ya kabati la vifaa. Kumbe kuna mzamiaji. Anafungua akitegemea kukutana na jambazi, anatoka binti wa miaka 18, Marilyn, amevaa sandali nyeupe. Kaka yake yuko huko Woden, hawajaonana miaka mingi. Mlangoni aliona kibao kinachokataza watu wasiohusika kuingia. Akaingia hivyo hivyo. Alijua akikamatwa atatozwa faini.

Faini, jamani! Nani kati yetu asingewaza faini?

Sheria ya huko inasema mzamiaji akionekana tu, anatupwa nje. Uzito wake ukibaki, chombo kitaanguka, atakufa yeye, rubani na wale wagonjwa sita. Barton anahangaika na hesabu, anampatia kama saa moja tu. Binti anaandika barua kwa wazazi na kwa kaka yake, anazungumza na kaka redioni mpaka sayari inazunguka na sauti inapotea. Halafu anaingia mwenyewe kwenye kile chumba cha kutokea. Kuna mahali anasema hajafanya kosa la kufia. Maneno hayo niliyaandika na kuyafuta labda mara sita, kila nikiyasoma naona bado hayajalia vya kutosha.

Sasa sikilizeni yaliyotokea barazani.

Nimemaliza kusoma kwa sauti, hata maji sijanywa, mwalimu wetu wa fizikia anajikohoza: "Hesabu haibembelezwi. Hadithi nzuri sana, vijana wajifunze." Kijana mmoja wa vifaa vya simu akadakia: "Kibao si alikiona? Mbishi kafa, kwisha habari." Watu wakacheka. Usiku, kwenye kundi la simu, yuleyule kijana akaweka picha ya mtu anarushwa kutoka dirishani na vikatuni vinne vya kucheka. Na waliomuunga mkono ni wengi, wakiwemo niliowaheshimu.

Mwalimu, shikamoo, ila leo tutazungumza. Nakubali kwamba chombo kikishaondoka, uzito ni uzito. Na Barton simlaumu, namwonea huruma kuliko wote. Lakini wewe umeanza kusoma katikati. Rudi nyuma kidogo. Kwenye hadithi hiyohiyo kuna kifungu kabisa, Aya L ya Sehemu ya 8, kinachoeleza mzamiaji afanywe nini. Sheria haiandikwi kwa jambo ambalo halijamjia mtu yeyote akilini. Maana yake wenye chombo walijua kwamba iko siku mtu atajificha humo. Walijua, wakakaa kikao, wakaandika namna ya kumtupa. Rubani wakampa na silaha kiunoni. Kufuli hawakuweka! Hakuna hata mlinzi wa kumwambia binti wa watu, we mama, ukiingia humo unakufa. Kibao kinasema usiingie, hakisemi utakufa. Geji ya kupima joto la kabati ipo, lakini kabla ya kuondoka hayupo wa kuisoma.

Hiyo ni fizikia ya darasa la ngapi, Mwalimu?

Aliyeniokoa siku ile ni mama mmoja anayeuza dagaa pale Mwaloni, mwenzetu wa kikundi, mtu asiyesema sana. Alikuwa anakunja kopi yake mara mbili, mara nne, mpaka ikawa kama tiketi. Akauliza: "Ndani ya hicho chombo, kiti cha rubani kina kilo ngapi?" Kimya. "Na mlango wa hilo kabati? Na hiyo bunduki?" Mwalimu akasema hadithi haitaji. Mama akasema: "Basi hawajatafuta. Ziwani upepo ukikushika, unatosa gunia. Unatosa la pili. Unatosa na sufuria ya ugali. Mtu hatoswi kabla ya sufuria." Akainuka kwenda kuangalia chai.

Na kuna jambo nililisoma nikashindwa kulala. Godwin mwenyewe alitaka kumwokoa huyo binti. Kila akileta hadithi, amebuni ujanja fulani wa kumponya, na mhariri wa jarida, John W. Campbell, anamrudishia tena na tena mpaka binti afe. Kwa hiyo ile milinganyo mnayoiimba kama imeshushwa na Mungu, kuna mtu alikuwa ofisini kwake, kwenye kiti, akikataa kila mlango wa kutokea. Wala simchukii, mhariri ana kazi yake. Ila msiniletee habari za "ndivyo dunia ilivyo". Ndivyo ilivyoandikwa.

Mnaouliza kwa nini mtu mzima anatokwa povu kwa hadithi ya roketi, haya.

Tarehe 21 Mei 1996 nilikuwa darasa la tano. Meli ya MV Bukoba ilitoka Bukoba, ikapitia Kemondo kuongeza watu, asubuhi ikapinduka ikiwa imeshaikaribia Mwanza. Walikufa zaidi ya 800. Wengi wamelala Igoma, nendeni mkaone. Nyumbani kwetu hatukula samaki mpaka mvua za mwisho wa mwaka. Mama alikuwa akipita sokoni anaziba pua, si kwa harufu. Sasa Mwalimu wa hesabu zisizobembelezwa, nikupe hesabu: meli iliruhusiwa abiria 430. Orodha ya daraja la kwanza na la pili peke yake ilikuwa na watu 443. Daraja la tatu, la kina sisi, halikuwa na orodha. Halikuhesabiwa! Halafu matanga hayajaisha, nasikia watu wazima mtaani wanasema "si walijazana wenyewe". Maneno yaleyale ya barazani, na kicheko kidogo kilekile pembeni.

Miaka 22 baadaye, tarehe 20 Septemba 2018, MV Nyerere, kivuko cha abiria 101, kikapinduka mita chache kabla ya gati la Bwisya, kisiwani Ukara. Ilikuwa siku ya gulio. Zaidi ya 220 wakafa, watu wakitazama kutoka ufukweni. Nao waliambiwa wabishi.

Na mwezi uliopita nimevuka kwenda kumzika shangazi. Chombo sikitaji, msinitafutie kesi. Ukutani kuna kibao kizuri kimepakwa rangi mpya, idadi ya abiria kwa tarakimu kubwa. Chini ya kibao, palepale, amekaa mama na mtoto mgongoni juu ya gunia la mahindi, maana sehemu nyingine ya kukaa hakuna. Maboya yamefungwa kwenye neti juu, neti imefungwa kwa waya. Nikamuuliza kijana wa tiketi tuko wangapi. Akanijibu: "Dada, wewe si umepata nafasi?"

Kwa hiyo mtu wa Mwanza, aliyekulia kati ya Igoma na ziwa, akisoma kisa cha chombo kisicho na akiba hata ya kilo hamsini, mlango wazi, halafu la kwanza kumtoka mdomoni ni "kibao si alikiona", mimi nakosa cha kumwambia. Ndiyo maana nimeleta huku.

NYONGEZA: Naona majibu yameanza. Anayesema mbona nachanganya hadithi na siasa, siasa iko wapi hapo? Nimetaja kufuli.

NYONGEZA 2: Mwalimu amenipigia. Anasema hakucheka, alitabasamu. Na kwamba anakubali hoja ya kufuli ila ya kiti hapana, eti bila kiti rubani angevunjika mgongo wakati wa kushuka. Nimempelekea mama wa dagaa hoja hiyo. Amejibu kwa ujumbe wa sauti, sekunde tatu: "Akae chini."

NYONGEZA 3: Yule kijana wa vifaa vya simu, najua uko humu unasoma. Kopi uliyoondoka nayo ndiyo yenye masahihisho yangu ya kalamu nyekundu, ina doa la chai ukurasa wa tisa. Sina nyingine. Irudishe kabla ya Jumamosi.