Timu ya chuo inaisha nguvu katikati ya msimu

Ngamiani: Wakuu, timu ya chuo hapa Tanga, wachezaji 20, mechi kila Jumamosi saa 10 jioni. Kufikia mechi ya nne, watatu wako nje kwa msuli wa nyuma ya paja. Tunakosea wapi?

Beki tatu: Mnakimbia ufukweni?

Ngamiani: Raskazone, kila asubuhi.

Beki tatu: Ndiyo hapo. Mchanga laini unachosha miguu bila kuizoesha kasi, na msuli huo huchanika kwenye mbio za kasi. Jumanne wakimbie mita 30 mara 6, nyasini, wakipumzika dakika 2 kila baada ya mbio. Kisha mchezaji mmoja apige magoti yote mawili, mwenzake amshike vifundo vya miguu, ashuke mbele taratibu akijizuia kwa msuli huo wa nyuma ya paja. Anza seti 2 za mara 5. Wataumwa siku mbili, kawaida. Alhamisi na Ijumaa usiliguse zoezi hilo, watacheza na miguu mizito.

Chumbageni: Na maji jamani! Kwa unyevu wa pwani jasho halikauki, mwili haupoi. Nusu lita saa 8 mchana, si wakati wa kuvaa viatu.