Mlimwachisha mdogo wangu dawa ya damu bila hata kumuuliza ana vali gani!

Wadau, salamu baadaye. Nina uchungu na leo nautoa wote hapa.

Mdogo wangu ana miaka 26, mvuvi, kwetu Lamu. Utotoni alikuwa akiumwa na koo kila mara, hatukulijali, ikaja homa ya baridi yabisi ikamla vali ya moyo polepole. Mwaka jana alipasuliwa Nairobi, akatiwa vali ya chuma. Ukilala naye chumba kimoja unaisikia usiku, tik, tik, tik, kama saa ya ukutani. Mama aliizoea hata ikawa ndiyo inayomlaza.

Alirudi na warfarini ya kuzuia damu isigande, vidonge vya kutuliza mapigo, kidonge cha kutoa maji mwilini, na sindano ya penisilini kila wiki nne. Kile cha maji daktari wake mwenyewe alikipunguza, kisha akakiondoa miguu ilipoacha kuvimba. Kwa hivyo asinijie mtu na maneno kwamba nataka wagonjwa wameze dawa milele. Nataka aachishwe na anayejua anaachisha nini.

Baada ya Idi fizi zikaanza kutoka damu. Wiki ile alikuwa amenunua metronidazo dukani kwa ajili ya tumbo, na dawa hiyo huipandisha warfarini nguvu. Akaenda kliniki moja ya binafsi, siitaji, wenyewe wanajijua. Dawa ya hali ile ni kupima damu, kile kipimo cha INR kinachoonyesha damu inachukua muda gani kuganda, kisha kurekebisha dozi. Hawakupima! Akaambiwa, "Miezi sita ishapita, ushapona, hizi zinakuharibu damu tu, ziache."

Kadi ilikuwa mfukoni mwake. Imeandikwa vali ya chuma, mitrali (ile ya upande wa kushoto wa moyo), INR 2.5 hadi 3.5, warfarini maisha yote. Hakuna aliyeiomba.

Hiyo miezi waliyoitaja, mitatu hadi sita, ni ya wenye vali iliyotengenezwa kwa nyama ya mnyama, na hata wao ni ikiwa moyo unapiga sawa na hakuna sababu nyingine ya kuendelea. Chuma hakizoeleki. Damu inapita juu yake mchana na usiku, na isipozuiwa inagandia pale pale kwenye bawaba. Hili si jambo la siri, mtu yeyote anayevaa koti jeupe na kupokea hela zetu anapaswa kulijua.

Siku ya 12 tangu aache dawa, mama akaniuliza, "Mbona saa ya mwanangu siisikii vizuri?" Nikamwambia labda ni upepo wa kusi. Mola anisamehe. Mlio ukififia maana yake vali inakwama, na mimi sikujua kwa sababu hakuna aliyewahi kutuambia.

Siku mbili baadaye, alfajiri, mdomo ukaenda upande, mkono wa kulia ukalegea, maneno yakakatika. Boti hadi Mokowe, ambulensi hadi Mombasa. Picha ya moyo ikaonyesha damu imeganda kwenye vali na kipande kimekimbilia kichwani. Yu hai, alhamdulillahi. Lakini kijana aliyekuwa akishona nyavu gizani leo hawezi kufunga kifungo cha shati, na akitaka kusema "maji" anahangaika mpaka machozi yanamtoka.

Nikaenda kliniki. Najibiwa nini? "Ni mtu mzima, hatukumlazimisha." Yaani mtu anakuja kwenu kwa sababu nyinyi ndio wenye elimu, anawatii, halafu kosa lake ni kuwatii? Nimeomba faili lake mara tatu. Kila nikienda, mwenye ufunguo hayupo.

Kuna mwingine aliyeambiwa hivyo hivyo huku kwetu, Lamu au Malindi? Toeni kadi zenu msome imeandikwa vali gani. Ikiwa ni ya chuma na umeachishwa warfarini, nenda hospitali leo hii, usingoje uzi huu ujibiwe.