Kiwanda kinanipa majivu ya makaa ya mawe bure nichanganye kwenye tofali. Niyachukue?

Mfyatuaji_Chamazi

Wakuu, habari za muda huu. Nafyatua tofali za saruji hapa Chamazi, za inchi 5 na inchi 6, nina mashine moja na vijana wanne. Juzi kanifuata ofisa wa kiwanda kimoja upande wa Barabara ya Kilwa. Boila lao linatumia makaa ya mawe kutoka Ruvuma, na majivu yamewajaa uani. Anasema nichukue bure, na mafuta ya fuso watalipa wao. Anadai Marekani na India watu wanayachanganya kwenye zege na sheria inaruhusu.

Ameshanimwagia tripu moja ya kujaribia. Ni ya kijivu kilichokolea, na ndani mna vipande vyeusi. Ukikibana kimoja kwa vidole kinavunjika na kukuachia weusi kama mkaa. Nimepunguza mchanga, nikaweka majivu, nikafyatua tofali chache. Kwa macho zimekauka vizuri, ila kona zinamomonyoka ukizibeba, na ukizimwagia maji zinayanywa haraka kuliko zangu za kawaida.

Sitaki kumuuzia mtu tofali ambayo ukuta wake utaanza kupukutika masika ya pili. Halafu kuna jirani ananiomba yatakayobaki akajazie kiwanja chake bondeni, maana kifusi kimepanda bei. Sheria inasemaje? Nimpe?

Dereva_Fuso

Chukua mkuu. India serikali yenyewe tangu 1999 iliwaamuru wafyatua matofali walio karibu na mitambo ya umeme wachanganye majivu. Kitu cha bure unakiuliza sheria ya nini?

Maabara_ya_Zege

Mkuu wa Chamazi, nafanya kazi kwenye maabara ya zege na udongo hapa mjini. Nitaandika kirefu kidogo, maana majivu anayoyasema ndugu yetu wa fuso na hayo uliyomwagiwa wewe hayafanani.

Yale ya India na Marekani ni unga unaonaswa kwenye moshi wa mitambo ya umeme. Kule makaa yanasagwa kwanza, joto la tanuru linapita nyuzi 1,400, majivu yanayeyuka na kuganda yakiwa vipunje vya kioo usivyoviona kwa macho. Saruji ikilowa inatoa chokaa, na vipunje hivyo vinaungana na chokaa hiyo vikazidi kukaza zege. Ndiyo maana kiwango cha Ulaya, EN 197-1, kinaruhusu saruji ya kundi la pili iwe na majivu hayo kuanzia asilimia 6 hadi 35.

Boila la kiwandani kwa kawaida linachoma makaa ya vipande juu ya wavu. Moto wake ni mdogo na makaa mengine hayaishi kuungua. Hivyo vyeusi ulivyobana ni kaboni ambayo haikuungua: inakunywa maji na haishikani na saruji. Kiwango cha Marekani cha majivu ya zege, ASTM C618, kinataka yakichomwa upya maabara yasipoteze zaidi ya asilimia 6 ya uzito. Ya kwako, kwa jinsi unavyoyaeleza, sitashangaa yakipita hapo mbali sana. Huenda kona zako zinamomonyoka kwa sababu hiyo.

Sasa sheria. Kule Marekani, ukuta wa hifadhi ya majivu ulipasuka Kingston, Tennessee, tarehe 22 Desemba 2008, tope likafunika nyumba na mto. Kanuni ya taifa ikatoka 2015. Hiyo inabana mabwawa na madampo ya majivu, lakini matumizi yenye faida imeyaachia majimbo. Hata hivyo imeeleza matumizi yapi yahesabiwe kuwa na faida: majivu yawe na kazi ya kweli ndani ya bidhaa, yachukue nafasi ya malighafi ambayo ungelazimika kuichimba, na bidhaa ifikie kiwango chake. Yakimwagwa wazi kwa wingi wa tani 12,400 au zaidi, mbali na kazi za barabara, mtumiaji athibitishe kwamba maji, udongo na hewa haviharibiki. Majimbo nayo yana yao. Wisconsin inapanga majivu kwa madaraja kufuatana na kile kinachochujika yakilowa, na daraja ndilo linaamua utayatumia wapi. North Carolina ilipitisha sheria yake 2014, mwaka uleule majivu yalipomwagika Mto Dan. Kwa hiyo ofisa wako amekusomea mstari wa kwanza tu.

Kuna hilo la mafuta ya fuso pia. Mtu mwenye malighafi nzuri anaiuza. Huyu anakulipia uichukue, kwa hiyo anachotafuta ni pa kutupa, na uwanja wako ndio utakaogeuka dampo lake.

Kwetu tuna Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, na msimamizi ni NEMC, baraza la taifa la mazingira. Tanzania ni mwanachama wa Mkataba wa Basel pia, ule wa kimataifa wa taka hatarishi, na mkataba huo umeyaandika majivu ya makaa ya mawe ya mitambo ya umeme pande zote mbili: A2060 kwenye orodha ya taka hatarishi, B2050 kwenye orodha ya zisizo hatarishi. Kipimo ndicho kinayaweka huku au kule. Mwambie ofisa akupe majibu ya maabara ya majivu yake, na barua ya NEMC inayoruhusu yatoke na yatumike kwenye tofali. Asipokuwa navyo, usipokee hata ndoo.

Jirani wa bondeni usimpe kabisa. Yakiwa ndani ya zege nzuri yamefungwa. Ukiyamwaga wazi, mvua inapita katikati yake na kushuka na kemikali kama aseniki, boroni, seleniamu, chochote kilichomo. Kule Town of Pines, Indiana, yalijaziwa kwenye barabara na viwanja. Baadaye visima vikakutwa na boroni na molibdeni, ikabidi nyumba za watu zivutiwe maji ya bomba.

Mama_Kongowe

Kaka, nakuomba kama dada yako, msikilize huyo wa maabara. Hapa kwetu Kongowe kuna mtu alijaziwa kiwanja vitu hivyohivyo. Kiangazi ukifunua sufuria unakuta vumbi la kijivu juu ya wali. Masika maji meusi yakakatiza uani kwetu, na kisima kiko hapo hapo pembeni. Tumeacha kuyanywa, tunanunua madumu. Hakuna aliyekuja kutuambia kile ni nini, na aliyemwaga hajulikani. Watoto wetu wanacheza pale juu kila siku.

Mfyatuaji_Chamazi

Dada pole sana. Jirani nimeshamwambia hapana, kanuna lakini ameelewa. Mkuu wa maabara, nimempigia ofisa kumuuliza barua, akasema nimtafute wiki ijayo. Hii tripu iliyopo hapa niifanyeje? Na nikitaka kupima mwenyewe naanzia wapi?

Maabara_ya_Zege

Ifunike kwa turubai leo hii, uweke mawe pembeni, mvua isiipate. Mwandikie ofisa ujumbe wa maandishi aje kuichukua, uutunze. Akikaa kimya, nenda NEMC na ujumbe huo mkononi. Zile tofali za majaribio usiziuze.

Kupima: vaa barakoa, chota sehemu kama kumi za lundo, ndani na siyo juu tu. Changanya kwenye turubai safi, tandaza duara, gawa mara nne, chukua robo mbili zinazotazamana, tupa nyingine, rudia mpaka ibaki kilo mbili hivi. Tia kwenye mfuko safi, andika tarehe na yalikotoka. Metali na kinachochujika kwenye maji peleka kwa Mkemia Mkuu wa Serikali. Nguvu ya tofali peleka TBS pale Ubungo au maabara ya uhandisi Mlimani, na ubebe tofali zako za kawaida pia, za umri uleule, ili zivunjwe pamoja. Mama Kongowe, maji ya kisima nayo yanapimwa hukohuko kwa Mkemia Mkuu. Waulize kwanza uchote kwenye chupa ya aina gani, na utaje aseniki na boroni kwa majina, kwa sababu kipimo cha kawaida cha maji kinaweza kuviruka.