Binti yangu anataka tenisi iwe kazi yake: njia ina urefu gani?

Mama Zuhura, Shela, Malindi
Assalaam alaikum. Binti yangu ana miaka 13, na kwa miaka mitatu sasa anafanya mazoezi kila alasiri katika kiwanja cha hoteli moja hapa Malindi, saa ambazo wageni hawakitumii. Tangu Mkenya mwenzetu Angella Okutoyi alipotwaa taji la Wimbledon mwaka 2022 katika mchezo wa wawili wawili upande wa wasichana, akiwa na Rose Marie Nijkamp wa Uholanzi, mtoto huyu hana habari ya kazi nyingine. Baba yake anahofia masomo. Langu ni hili: baada ya taji la chipukizi, mchezaji huishi kwa kitu gani, na huchukua muda gani hadi mchezo uanze kumlisha?

Kocha wa Maweni, Malindi
Waalaikum salaam, Mama Zuhura. Pointi za chipukizi hazihesabiwi katika orodha ya ubora ya wanawake, kwa hiyo msichana aliyeshangiliwa Wimbledon hurudi kuanzia chini, katika mashindano madogo ambayo zawadi yake yote ni dola 15,000, zinazogawanywa kwa washiriki, ilhali nauli, malazi na ujira wa kocha vinamtoka yeye. Tena pointi hudumu wiki 52 tu. Akiumia goti akakaa nje msimu mzima, alichokijenga kinaporomoka. Hapo ndipo vipaji vingi vya Afrika hupotea, na mimi huumia kila nikiona mtoto mwenye mkono mzuri akiacha kwa kukosa nauli.

Okutoyi mwenyewe, baada ya Wimbledon, alikwenda Chuo Kikuu cha Auburn, jimbo la Alabama. Vyuo vya Marekani humpa mchezaji wa kiwango chake masomo, viwanja, makocha na mechi za kila wiki, naye haachi kuichezea nchi yake: Machi 2024 alitwaa dhahabu ya mchezaji mmoja mmoja katika Michezo ya Afrika mjini Accra. Mwambie mumeo kwamba kwa njia hiyo masomo ndiyo yanayoubeba mchezo.

Mpenzi wa tenisi, Langoni, Lamu
Naomba niongeze habari ya Ons Jabeur wa Tunisia, kwa kuwa inafanana mno na ya binti yako. Klabu yake ya utotoni haikuwa na viwanja vyake, akawa anafanya mazoezi katika viwanja vya hoteli za jirani. Alipofika miaka 12 alihamia Tunis, katika shule ya serikali ya wanamichezo. Juni 2011 akawa bingwa wa wasichana katika Mashindano ya Wazi ya Ufaransa, na taji lake la kwanza la ngazi ya juu ya wanawake, lile la Birmingham, alilipata Juni 2021. Ihesabu hiyo miaka kumi, dada yangu. Mwaka uliofuata alikuwa wa pili duniani, akacheza fainali za Wimbledon na za Marekani, akazipoteza zote mbili, na mwaka 2023 akarudi tena fainali ya Wimbledon.

Mama Zuhura
Nimemsomea baba yake majibu yenu nyote wawili, naye amesikiliza hadi mwisho. Miaka kumi si haba, lakini sasa najua ninachokiwekea akiba. Je, mwaka huu aanze na lipi?

Kocha wa Maweni
Asikimbilie mashindano ya wanawake. Asiyefikisha miaka 14 haruhusiwi, na baada ya hapo idadi ya mashindano anayoweza kucheza huwekewa kikomo hadi afikishe 18. Mwandikishe katika mashindano ya kimataifa ya chipukizi yanayofanyika Nairobi, kwa kuwa matokeo hayo ndiyo makocha wa vyuo huyatazama. Alama za darasani nazo zitunze kuanzia muhula huu, maana wataziomba.