YULE BWANA WA VIZIBO VYA MASIKIO, SISI WATU WA TANGA ANATUCHUKULIAJE?

Mjukuu wa Barabara ya 14 (mwenye uzi)

Wakuu, heshima kwenu. Mkiona herufi zimepandana mjue simu nzima, mkono ndio unatetemeka. Nimetoka kikaoni sasa hivi, hata viatu sijavua.

Mtu mwenyewe mnamjua. Simtaji kwa sababu hela ya wakili sina, lakini ni yule yule anayeweka miwani ya jua juu ya kipara, anayeanza kila sentensi na "kama mnavyofahamu" halafu anasema jambo ambalo kuanzia Chumbageni mpaka Pongwe hakuna anayelifahamu. Huyo huyo. Msijifanye.

Tuliitwa wakazi wa huku jirani na uwanja wa ndege. Mambo mawili: kelele na upanuzi. Mabenchi ya kuazima chini ya mwarobaini, wazee mbele, kina mama mkekani. Kuna watu nyumba zao zimeshapigwa X nyekundu ya kubomolewa, na kuna ambao hawajui kama X yao iko njiani, wameacha hata kuziba bati linalovuja. Ukarabati unakuwa kama kumnunulia maiti viatu. Basi kila mtu kaja na lake moyoni.

Bi mkubwa wangu akaomba kusema. Huyu ni mwanamke ambaye tangu Nyerere yuko Ikulu hajawahi kumpandishia mtu sauti. Akasimama, akashika ncha ya kanga, "Asalaam aleikum wanangu, poleni na kazi." Akaanza kueleza ndege ya asubuhi inavyompitia juu ya paa, mjukuu anavyoshtuka usingizini, yeye mwenyewe presha inavyopanda. Kwa adabu zote. Katikati ya maneno, ndege ya pangaboi ya Pemba hiyo hapo juu, ngurumo mpaka majani ya mwarobaini yanadondoka.

Sasa sikilizeni.

Bwana mkubwa akatia mkono mfuko wa shati. Akatoa vizibo vya masikio. Vile vya sponji, rangi ya chungwa, vina kamba ya buluu katikati. Akakibinya kimoja kwa vidole viwili, taratibu, hana haraka, akakisokomeza. Akakibinya cha pili, akakisokomeza. Akatabasamu. Mama kasimama, anasubiri ndege ipite.

Ndege ikapita. Mama akaendelea.

NA YEYE HAKUVITOA.

Narudia kwa waliochelewa kufika. Kikao cha kelele. Mgeni rasmi kaja na vizibo vyake kutoka nyumbani kwake. Kavivaa mbele ya mama yangu. Ndege imeshakuwa baharini huko, kunguru wameshatulia, na yeye bado kaziba. Mama anazungumza, yeye anatikisa kichwa, "ndiyo mama, nimekuelewa." Kakuelewa kwa kutumia nini? Kwa pua?

Kisha akasimama akatuambia kelele ni dalili ya maendeleo, na kwamba ndege humkera asiyewahi kuipanda. Watu wake wanne wakapiga makofi. Sisi tukabaki tunatazama kamba ya buluu inaning'inia shingoni.

Mimi maendeleo siyapingi. Bomba la mafuta linakuja Chongoleani, kilomita 1,443 kutoka Hoima, bandari imechimbwa meli kubwa zinaingia, najua na ndege nazo zitataka kuwa kubwa. Zije. Lakini huku kwetu jogoo wameacha kuwika, wanasubiri ndege iwakumbushe. Ustadhi wa chuo anafundisha kwa ishara. Mimi na mke wangu hatujawahi kumaliza ugomvi wa asubuhi hata mmoja, kila ukifika kwenye pointi yangu nzuri, ngurumo. Ninavumilia. Ila VIZIBO, jamani? Mbele ya Bi mkubwa? Na asivitoe?

Kahawa Chungu

Nimekaa pale na kashata zangu.

Ila mkuu, tuongee ukweli, ndege zenyewe ngapi kwa siku? Ukitoa ya Pemba, ya Unguja na ya Dar, kelele iliyobaki hapo mtaani ni wewe na shemeji.

Mjukuu wa Barabara ya 14

Aisifuye mvua imemnyea. Wewe unakaa Raskazone, kelele unayoijua ni ya barafu kwenye glasi. Njoo ulale kwangu siku moja. Na hujajibu hoja: kwa nini hakuvitoa?

Mbondei Mstaafu

Nilikuwepo. Mleta uzi kaongeza chumvi. Vilikuwa vya njano.

Mjukuu wa Barabara ya 14

Vya chungwa!

Mama Pweza

Vya njano. Nilikaa mkeka wa mbele kabisa. Na Bi mkubwa wako usimfanye malaika, sauti aliipandisha vizuri tu, akamwambia "toa hayo matakataka masikioni mwanangu." Tatizo ndiyo hivyo, hakusikia.

Nyuki wa 1914

Wanatanga mnanitia aibu. Novemba 1914 Mwingereza alishuka hapa hapa na maelfu ya askari kutoka India, Mjerumani huku, nyuki huku, watu wakarudi kwenye meli mbio wanajikuna. Mji ulioshinda vita kwa nyuki leo unalia kwa sababu ya mtu mmoja mwenye sponji?

Kahawa Chungu

Nyuki wenyewe wangemtoboaje, kaziba matundu yote 😂

Mpima Sauti

Tuache mzaha kidogo. Shirika la Afya Duniani mwaka 2018 lilitoa mwongozo: kelele za ndege, kwa wastani wa siku nzima, zisizidi desibeli 45, na za usiku zisizidi 40. Na zinapoongezeka desibeli 10 tu, sikio linaona kama zimekuwa mara mbili. Hapa nchini pia kanuni za viwango vya kelele na mitetemo zipo tangu 2015. Kwa hiyo mngedai vipimo. Mtu alete kifaa, kiwekwe juu ya paa la Bi mkubwa, kisomwe mbele ya wananchi.

Mzigua Kwa Heshima

Desibeli 45 ni mke wangu akininong'oneza hela ya mboga imeisha.

Rubani wa Kiti cha Dirishani

Niongeze kidogo kwa mleta uzi. Ndege hupaa na kutua ikiutazama upepo. Ndiyo maana kuna miezi utaona zinakupitia juu ya paa, na kuna miezi zinahamia upande wa pili. Kusi ikikata, kaskazi ikaingia, mambo hubadilika. Halafu hizo pangaboi zina injini moja, kelele kubwa ni ile ya kupaa, pale ambapo rubani anahitaji nguvu yote. Ikishapata kimo inatulia. Sasa chukua picha ya siku watakapoleta za injini mbili au majeti. Ndiyo swali lilitakiwa kuulizwa pale: uwanja ukirefushwa, zitakuja ndege gani, zitapita njia ipi, saa ngapi?

Mjukuu wa Barabara ya 14

Tungeulizaje mkuu? Na nani angesikia? KAZIBA.

Wakili wa Kijiweni

Watu wa X nyekundu, nisikilizeni mimi, hao wengine wanawachekesha. Kwanza muulize tarehe. Uthamini umefanyika lini? Sheria ya uthamini ya 2016 haitaki mtu akae na karatasi mpaka iliwe na mchwa. Fidia ikichelewa kupita miezi sita, riba inaanza kuhesabiwa. Ikipita miaka miwili hamjalipwa, uthamini unarudiwa upya, kwa bei za sasa si za zamani zile. Na fidia si nyumba peke yake: kuna thamani ya ardhi, posho ya usumbufu, ya usafiri, ya makazi, na kama ulikuwa na genge au kiosk kuna faida unayoipoteza. Mnazi wako unahesabiwa. Mwembe unahesabiwa. Mtu akija na daftari akapita bila kuandika mnazi, usisaini.

Kule Dar, Kipunguni, watu walithaminiwa miaka ya 1990 kwa ajili ya uwanja wa ndege, wakasubiri mpaka wengine wakawaachia wajukuu hiyo subira. Msirudie. Rangi ya vizibo haiwasaidii kitu.

Mama Pweza

Ahsante sana baba. Mimi mnazi wangu mmoja uko nusu kwangu nusu kwa jirani, unahesabiwa vipi?

Wakili wa Kijiweni

Shina liko wapi?

Mama Pweza

Shina kwa jirani. Nazi zinaangukia kwangu.

Wakili wa Kijiweni

Dada yangu, hapo endelea tu kula tui kwa amani.

Mjukuu wa Barabara ya 14

Jamani nazi zimeingiaje? Mtu kamvalia mama yangu vizibo!

Kaole Sina Haraka

Watu wa Tanga mnadeka. Sisi Bagamoyo tunazitamani hizo kelele. Tangu 2013 ulipotiwa saini mkataba wa bandari, rais wa China alipokuja, mpaka leo tunasikiliza. Kimya. 2019 tukaambiwa masharti ni mabaya. Sawa, kimya tena. Kuna watu Mbegani waliacha kupanda minazi kwa sababu "bandari inakuja". Nyinyi mnalia ndege imepita? Sisi hata kikao cha kuvaliwa vizibo hatujaitwa.

Nyuki wa 1914

Bagamoyo nanyi kila uzi lazima muingize bandari. Hii hapa ni Tanga, mji wenye bandari kweli, reli ya kwanza nchini ilianza kujengwa hapa 1893 nyie mnakaanga samaki.

Kaole Sina Haraka

Kabla ya reli yenu sisi tulikuwa makao makuu ya Mjerumani. Akahamia Dar 1891.

Nyuki wa 1914

Unajisifia kuachwa?

Mzigua Kwa Heshima

😂😂😂 Uzi ufungwe hapa.

Dereva wa Toyo

Mimi kero yangu si ndege. Ni hawa vijana wanaotoboa ekzosi za bodaboda makusudi ili zilie. Ndege inapita mara moja inakwenda zake Pemba. Bodaboda inapita, inageuka, inarudi kumwonyesha binti yule yule, inageuka tena. Usiku wa manane! Hakuna aliyeitisha kikao.

Mama Pweza

Umesahau vigodoro. Mtaani kwetu arusi inaanza Alhamisi, inaisha Jumatatu, bwana harusi mwenyewe kalala tangu Jumamosi. Spika zimeelekezwa dirishani kwangu. Nikienda kulalamika naambiwa nina kijicho, binti yangu hajaolewa.

Mbondei Mstaafu

Hivyo vizibo vinauzwa wapi?

Mpima Sauti

Maduka ya vifaa vya usalama kazini, wanauza na kofia ngumu na viakisi. Bei rahisi. Ila uvibinye vizuri kabla ya kuingiza, uvishikilie mpaka vivimbe, la sivyo havisaidii.

Mbondei Mstaafu

Shukrani mkuu. Nitachukua vya njano.

Mjukuu wa Barabara ya 14

Kwa hiyo nyie mnakwenda KUVINUNUA?

Mama Pweza

Mwanangu, arusi nyingine Alhamisi hii.

Kahawa Chungu

Mleta uzi tulia, kunywa maji. Halafu mkumbuke jamaa alikula halua ya watu sahani nzima, hiyo hamuisemi.

Mjukuu wa Barabara ya 14

Halua ilikuwa ya kwetu! Mama ndiye aliyeipika! Akala NA VIZIBO VIKIWA MASIKIONI!

Dereva wa Toyo

Halua gani, ya Tanga au ya Pemba? Maana ya Pemba haina mpinzani.

Nyuki wa 1914

Modi, huyu apewe likizo.

Dalali Mwaminifu

Habari za jioni wadau. Nina kiwanja kizuri sana nauza, kiko jirani na uwanja wa ndege, upepo wa bahari, majirani wastaarabu, eneo tulivu. Sababu ya kuuza ni safari. Aliye tayari aje faragha.

Mzigua Kwa Heshima

Hati ipo au ni karatasi ya serikali ya mtaa?

Dalali Mwaminifu

Hati iko kwenye mchakato.

Wakili wa Kijiweni

Kina X?

Dalali Mwaminifu

Njoo faragha mkuu.