Tupeane uzoefu: nani amesaidiwa na jiji au kaunti kukarabati nyumba hapa Pennsylvania?

Mwenye mada
Wakuu, salaam. Tumeshakuwa wengi tunaomiliki nyumba huku: Philadelphia, Lancaster, Erie, Pittsburgh. Na wengi tulinunua tulichokimudu, nyumba kuukuu za kabla ya Vita Kuu ya Pili, zilizoshikana ukuta kwa ukuta. Watu wanaweka karai chini ya dari msimu baada ya msimu kwa kuamini kwamba misaada ya jiji ni ya wenyeji tu, au ni mtego wa kunyang'anywa nyumba. Inaniuma sana, hasa kwa wazee wetu waliozilipia nyumba hizo kwa jasho.

Naanza mimi. Niko Philadelphia. Soketi ya jikoni ilikuwa inapata moto hadi ukuta unanukia plastiki. Fundi wa mtaani alitaka tubadilishe soketi basi. Niliomba Basic Systems Repair Program, mpango wa jiji unaosimamiwa na PHDC, shirika la jiji la mambo ya nyumba. Mkaguzi alipofungua boksi la umeme alikuta nyaya za enzi hizo, ngozi yake ya nje inamomonyoka ukiigusa tu. Walibadilisha boksi zima na kuvuta nyaya mpya. Ni ruzuku, si mkopo; sikulipa chochote.

Muelewe mipaka yake lakini. Wanashughulika na umeme, mabomba, hita, paa na sehemu za jengo zinazohatarisha maisha. Kabati za jikoni, rangi, vigae, hapana. Walipotoboa ukuta walifunika matundu, kupaka rangi ni juu yako. Masharti: uwe unaishi humo, kipato kiwe chini ya kiwango chao kulingana na idadi ya watu nyumbani, na kodi ya jengo na bili ya maji ziwe zimelipwa au uwe na makubaliano ya kulipa kidogo kidogo. Hilo la makubaliano wengi hawalijui, wanakata tamaa kwa sababu ya deni la maji.

Karibuni, kila mtu aeleze yake.

Mtoto wa Kigoma
Asante mkuu kwa mada hii. Yangu ni ya hati.

Nyumba tunayoishi ilikuwa ya mama mdogo, Mungu amrehemu. Tulimuuguza humo, tukamzika, tukaendelea kulipa kodi kila mwaka kwa jina lake. Paa lilipoanza kuvuja juu ya chumba cha watoto, nikaomba msaada. Swali la kwanza: jina lililo kwenye hati ni la nani? Pale pale safari ikasimama. Kwa macho ya sheria mimi si mwenye nyumba, hata kama mtaa mzima unanijua.

Na si sisi peke yetu. Taasisi ya Pew mwaka 2021 ilihesabu nyumba zaidi ya 10,000 Philadelphia zenye hati zilizokwama namna hii, nyingi kwenye mitaa ya watu weusi wenye kipato kidogo. Paa linaoza juu ya watu wenye haki yao kwa sababu ya karatasi tu.

Tulichofanya: tulikwenda kwa wanasheria wa kujitolea wa Philadelphia VIP. Kufungua mirathi, cheti cha kifo, sahihi za ndugu wote (wawili wako Kigoma, mmoja Nairobi, hapo ndipo muda ulipoliwa), halafu kusajili hati mpya. Gharama za usajili zilikuwa zinatutisha, lakini kuna Tangled Title Fund inayosaidia watu kulipia hizo. Hati ilipotoka kwa jina langu ndipo ombi la paa likapokelewa.

Kwa hiyo wapendwa, kama mzee wenu bado yuko hai na nyumba ni yake, kaeni naye mzungumze wosia sasa hivi. Najua kwetu ni jambo zito, mtu anaonekana anamwombea mzazi kifo. Mzungumze hivyo hivyo, kwa adabu.

Bint Unguja
Assalaam alaykum. Mimi nilikuwa na shida ya riba.

Bomba la maji machafu linalotoka nyumbani hadi barabarani ni mali ya mwenye nyumba, si ya jiji. Letu lilipasuka chini ya njia ya miguu, harufu ikajaa ghorofa ya chini. Rafiki aliniambia kuna Restore, Repair, Renew, mkopo wa kuanzia dola 2,500 hadi 50,000, riba asilimia 3, miaka 10. Kwa wengine ni nafuu kubwa kuliko benki, lakini mimi na mume wangu dhamira haikuturuhusu.

Idara ya Maji ina mpango wao, HELP. Wakishakupa notisi ya kasoro ya bomba, unaweza kupewa mkopo usio na riba kabisa, unalipa kwa miezi 60. Kilichochimbwa ndicho tunacholipa, bila nyongeza. Waislamu wenzangu mnaoogopa kila kitu chenye jina la mkopo, ulizeni kwanza riba ni ngapi. Jibu linaweza kuwa sifuri.

Baba Furaha
Ndugu zangu, mimi si wa Philadelphia, niko kaunti nyingine. Tulipata kupitia Whole-Home Repairs. Bunge la jimbo lilipitisha mwaka 2022, dola milioni 125 kutoka fedha za kujikwamua na korona, kila kaunti ikapewa fungu lake. Mwenye nyumba aliweza kupata hadi dola 50,000 kama kipato hakizidi asilimia 80 ya kipato cha kati cha eneo. Sisi walituwekea paa na hita, na njia mteremko kwa ajili ya kiti cha magurudumu cha baba mkwe.

Waombaji walikuwa wengi kuliko fedha, kaunti kadhaa zilifunga milango upesi. Pigieni kaunti simu muulize kilichopo sasa, na muwe na karatasi za mshahara, kodi na hati kwenye bahasha moja tayari.

Mama wa Erie
Naongeza la mkandarasi. Mwishoni mwa kazi wanakuletea fomu ya kuthibitisha kwamba kazi imekamilika, maana malipo yao yanategemea sahihi yako. Wetu alinishikia kalamu huku mfereji wa paa ukiwa bado unaning'inia, akisema atarudi Jumatatu. Nilikataa. Nikapiga picha, nikamtumia afisa wa mpango, na mfereji ukafungwa kabla sijasaini. Kama Kiingereza kinakupiga chenga, omba mkalimani wa Kiswahili bure, maana mipango inayotumia fedha za serikali kuu inabanwa na sheria ya haki za kiraia inayokataza kumbagua mtu kwa asili ya taifa lake. Usimtume mtoto wa darasa la nne akutafsirie mkataba.

Mwenye mada
Mama wa Erie, mkalimani ulimwomba kabla ya ukaguzi au siku ile ile? Mtoto wa Kigoma, naomba utuwekee hapa orodha ya karatasi walizodai kwenye mirathi. Kuna familia mbili ninazozifahamu zimekwama hapo hapo.