HLR ya kujiandikia: data ikiwashwa laini ya 3G inakataa mtandao kwa sababu namba 21

laini_tupu

Wakuu, habari za kazi. Naandika programu huria ya kutunza wateja wa mtandao wa simu, HLR (daftari la wateja) na AuC (kituo cha uthibitishaji) kwa pamoja. Lugha ni Python, hifadhidata ni SQLite, leseni ni AGPL. Inaongea GSUP (itifaki ya Osmocom ya kuulizia wateja) kwenye TCP bandari 4222 na OsmoMSC upande wa sauti, na OsmoSGSN upande wa data. Mnara ni femto ya 3G iliyo ndani ya boksi la chuma lisilopitisha mawimbi, IMSI (namba za utambulisho wa laini) ni za majaribio za 001-01, laini ni za kuandikika na nimeziandika kwa pySim. Algorithimu ya uthibitishaji ni Milenage.

Hali iko hivi. Sauti peke yake haina tatizo. Nikiwasha data inaingia vizuri, lakini uthibitishaji wa pili wa upande wa sauti ukifika, simu inarudisha kushindwa kwa sababu namba 21 pamoja na AUTS (ombi la laini la kusawazisha namba ya mfuatano). HLR yangu inaikagua ile AUTS, MAC-S (muhuri wa ukaguzi ndani yake) hailingani hata mara moja, inarudisha kosa, simu inabaki nje. Laini ya 2G ya COMP128v1 haisumbui kabisa.

Majaribio yote ya Milenage ya TS 35.208 (kiwango cha 3GPP) yanapita. Kila ombi natoa vekta 5 (seti za uthibitishaji, kila moja ya kutumika mara moja). SQN (namba ya mfuatano) ni namba moja kwa kila mteja, naiongeza 32 kwa kila vekta, kwa hiyo biti tano za chini ni sifuri muda wote. Nianzie wapi?

fundi_gsup

Anzia kwenye hiyo 21, inakuambia mengi. Ingekuwa 20, yaani MAC haikubaliki, ningesema K (ufunguo wa siri wa laini) au OPc (msimbo unaotokana na OP ya mwendeshaji) si sahihi, na mara nyingi ni mtu kaweka OP mahali pa OPc. 21 maana yake laini imekubali kwamba wewe ni mtandao wake, ila namba uliyoleta imepitwa. Funguo zako ni nzima, usiziguse.

Tatizo ni hizo biti tano. SQN ina biti 48, na kwa mpangilio wa kawaida biti 43 za juu ni SEQ, tano za chini ni IND. Laini haikumbuki SQN moja, ina visanduku 32, kimoja kwa kila IND, na kila kisanduku kinashika SEQ kubwa iliyowahi kukubaliwa humo. Wewe umewapanga MSC na SGSN wote kwenye kisanduku namba 0.

Fuata namba zenyewe. MSC inaomba, unaipa SQN 32, 64, 96, 128, 160, yaani SEQ 1 hadi 5. Inatumia ya 1, nne zinabaki kwake. SGSN inaomba, inapata SEQ 6 hadi 10 na kutumia ya 6. Sasa kisanduku 0 kinasoma 6. MSC inarudi na SEQ 2 iliyokuwa imeiweka akiba, laini inaona 2 ni ndogo kuliko 6, inakataa. Ndiyo maana sauti peke yake ilikuwa inakwenda. Na hata ukirekebisha AUTS leo bila kugusa IND, watakuwa wanapokezana kugoma: MSC inapata 11 hadi 15 na kutumia 11, kisha SGSN inakuja na 7 yake.

Dawa: kila nodi iwe na IND yake.

`sqn = (seq << 5) | ind`

MSC wa kwanza apewe 0, SGSN 1, na kuendelea. SEQ ibaki moja kwa mteja, ipande kwa kila vekta bila kujali nani kaomba. Jedwali la nodi na IND zake liandikwe kwenye diski. Ukizigawa kwa kufuata nani kaunganisha kwanza, siku seva ikiwashwa upya na SGSN ikatangulia watabadilishana visanduku huku kila mmoja bado ana vekta za zamani mkononi. Nodi utaitambua kwa jina inalotuma kwenye jibu la utambulisho la CCM, na kwenye OsmoMSC linawekwa kwa `ipa-name` chini ya `hlr`. MSC wawili wakiwa na jina moja umerudi pale pale.

kaunta48

Kuna njia fupi ambayo fundi ameiruka: ongeza SQN kwa 1 badala ya 32. IND inazunguka yenyewe 0 hadi 31, kila kisanduku kinaona SEQ inayopanda, na huhitaji jedwali la nodi. Kiambatisho C cha TS 33.102 kinairuhusu.

fundi_gsup

Inaruhusiwa kweli, lakini fikiria SGSN yenye kazi nyingi. MSC imeshika vekta nne za akiba. SGSN ikichukua mafungu saba ya vekta tano na kuzitumia, ni 35, mzunguko umekamilika na visanduku vya zile nne vimeshaandikwa SEQ kubwa zaidi. Unapata 21 ileile, safari hii kwa nadra, saa nane usiku, na hakuna atakayeweza kuirudia kwenye maabara. Kwa mtandao wenye nodi mbili tatu, IND kwa nodi ndiyo naipendelea.

Angalizo: si kila laini ina biti tano. Urefu wa IND uwe safu kwenye jedwali la funguo, kwa kila mteja. osmo-hlr nayo inauliza hivyo hivyo:

`subscriber imsi 001010000000007 update aud3g milenage k <K> opc <OPC> ind-bitlen 5`

Mwanakombo_C

Hakuna aliyejibu suala la AUTS, na ni kosa tofauti kabisa.

AUTS ni baiti 14. Sita za kwanza ni SQN ya laini iliyofichwa kwa XOR na AK (ufunguo wa kuficha), nane za mwisho ni MAC-S. Hapo pana mitego mitatu. AK ya hapa inatoka f5*, si f5 (f1 hadi f5* ni kazi za Milenage). RAND (changamoto nasibu) unayotumia lazima iwe ile iliyoambatana na AUTS ndani ya ujumbe, kwenye GSUP ni kipengele 0x20, na AUTS yenyewe ni 0x26. Ukichukua RAND ya mwisho uliyotengeneza, wakati umetengeneza tano, ni bahati nasibu. Wa tatu ndio ninaoushuku kwako: MAC-S inakokotolewa kwa f1* huku AMF (biti 16 za usimamizi za vekta) ikiwa 0000, hata kama vekta ilitumwa na AMF nyingine.

Na majaribio ya 35.208 hayawezi kukuonyesha hilo. Seti ya 1 ina AMF b9b9 na inatumia hiyo hiyo kwa f1 na f1*. Kwa hiyo f1* yako inatoa 01cfaf9ec4e871e9 kama kitabu kinavyotaka, jaribio linapita, halafu kwenye kazi halisi unaipitishia AMF ya mteja na kila AUTS inakataliwa. Andika jaribio lako la ziada: chukua K na OPc za seti 1, tengeneza AUTS kwa AMF 0000, ifungue, hakikisha SQN inarudi ilivyokuwa. f5* ya seti hiyo ni 451e8beca43b na f5 ni aa689c648370, ukiona ya pili kwenye logi ya AUTS ujue umeita kazi isiyo yake.

MAC-S ikikubali, linganisha kabla ya kuandika. SQN yako ikiwa tayari iko mbele ya ya laini, vekta inayofuata itakubalika, hakuna haja ya kuirudisha nyuma. Isipokuwa iwe mbele kupita kiasi: laini nyingine zina kikomo cha kuruka, mfano wa TS 33.102 ni 2 kwa kipeo cha 28 kwenye SEQ. Hapo lazima ushuke uifuate laini.

laini_tupu

Shukrani sana. AMF nilikuwa naipitisha ya mteja, 8000, nimebadili kuwa 0000 na AUTS zinafunguka. IND nimeigawa kwa jina la nodi, logi inaonyesha MSC akipata 0 na SGSN 1, na zile 21 zimekoma.

Mawili yamebaki. La kwanza, nihamie PostgreSQL mapema? La pili, kuna laini moja HLR inasema haimjui mteja, wakati mteja yumo, namwona kwa macho.

jedwali

Naanza na la pili. Umeitangaza safu ya imsi kuwa nini? Ikiwa INTEGER, 001010000000007 imehifadhiwa 1010000000007, sifuri mbili za mbele zimeliwa. STRING ndiyo mbaya zaidi maana inaonekana salama, kumbe SQLite hailijui hilo neno na inaichukulia safu kuwa ya namba. Andika TEXT au VARCHAR(15). Kwa IMSI za 640 au 639 kosa hili lisingeonekana, ni hizi za majaribio zinazoanza na sifuri ndizo zinazoliumbua. MSISDN (namba ya simu) vilevile iwe maandishi.

Kama laini nyingine zinapita na moja tu inagoma, tazama ilivyoingizwa: aliyeletwa na faili la CSV baada ya kufunguliwa kwenye programu ya majedwali huwa kashapoteza sifuri kabla hajafika kwako.

Kuhusu PostgreSQL: kwa wateja elfu chache usijisumbue. osmo-hlr yenyewe ni SQLite, mchakato mmoja, na inatosha. Kinachovunja HLR ni mpangilio wa kuandika, na huo utaukosea kwenye hifadhidata yoyote. Kanuni ni moja tu: SEQ iwe imeshaandikwa kabla vekta hazijatoka mlangoni.

`UPDATE auc_3g SET seq = seq + 5 WHERE imsi = ? RETURNING seq;`

Unapata namba ya mwisho wa fungu, unatumia seq-4 hadi seq. RETURNING inahitaji SQLite 3.35 kwenda juu. Moduli ya sqlite3 ya Python inafungua muamala kimyakimya kabla ya UPDATE, kwa hiyo ita `commit()` kwanza ndipo utume. Ukituma kwanza na umeme ukakatika katikati, seva inaamka na SEQ ya zamani na kugawa tena namba zilizokwisha tumika. Kinyume chake hakina hasara: namba tano zimerukwa, laini haijali.

Nakala rudufu: ukiwa kwenye hali ya WAL (SQLite inaandika kwanza kwenye faili la pembeni), `cp hlr.db` haitoshi, mabadiliko ya karibuni yamo kwenye `hlr.db-wal`. Tumia

`sqlite3 hlr.db ".backup nakala.db"`

Na ukirejesha nakala ya juzi, SEQ zote ni za juzi. AUTS itawaokoa mmoja mmoja, lakini asubuhi ile kila simu itakuja na 21 yake kwa wakati mmoja. Zisogeze kabla ya kuwasha, `UPDATE auc_3g SET seq = seq + 100000;` iko chini sana ya kikomo alichotaja Mwanakombo.

Toleo la muundo wa majedwali liweke kwenye `PRAGMA user_version`, na programu ikatae kuanza ikikuta toleo isilolijua. osmo-hlr inataka uipe `--db-upgrade` kwa makusudi, na ni busara.

kaunta48

Ongeza na hili: K zako zimo wazi ndani ya hilo faili, na GSUP haina nywila wala usimbaji. Faili 0600, seva isikilize 127.0.0.1 tu, na SGSN ikiwa mashine nyingine pitisha kwenye WireGuard. Hakikisha pia K haichapishwi kwenye logi hata kwenye ngazi ya utatuzi, maana logi ndizo watu wanabandika humu wakiomba msaada.

laini_tupu

Safu ilikuwa STRING. Nimeunda jedwali upya kwa TEXT, na yule mteja nimemwingiza tena akiwa na sifuri zake, anapatikana. Swali la mwisho: nikitaka 4G, natafsiri GSUP kwenda Diameter, au naanza upya?

Mwanakombo_C

AuC yako inabaki kama ilivyo, mlango ndio unaobadilika. MME (nodi ya 4G inayosajili simu) inaongea S6a, ambayo ni Diameter, kwa kawaida juu ya SCTP bandari 3868. Soma PyHSS kwanza, ni Python kama yako, na HSS (HLR ya 4G) ya Open5GS, iliyo juu ya MongoDB.

Kwenye hesabu kuna mawili. Biti ya kwanza ya AMF lazima iwe 1 kwa 4G, hiyo 8000 uliyonayo inafaa, bila hivyo simu inajibu sababu namba 26. Ila AMF iamuliwe na aina ya ombi, isikae kwa mteja, maana mteja huyohuyo atashuka 3G na huko biti hiyo iwe 0. Pili, CK na IK (funguo za usimbaji na uadilifu) hazitoki tena kwenda nje: unazitumia kutengeneza KASME (ufunguo mkuu wa 4G) kwa HMAC-SHA-256, na ndani yake inaingia PLMN (namba ya nchi na mtandao) ya mtandao unaomhudumia katika baiti tatu. Ukipindua nusu-baiti za PLMN, uthibitishaji unapita vizuri kabisa, RES (jibu la laini) inalingana, kisha Security Mode Command inakataliwa na simu. Ukiona dalili hiyo, angalia PLMN kabla ya kitu kingine. Kwa 001-01 baiti ni 00 f1 10.